Tripu Kumi na Moja za Mchanga

Nimekuwa karani wa sensa mara mbili, na mara zote mbili nilipangiwa eneo lile lile, pembezoni mwa mji wa Dodoma, upande ambako nyumba huishia na mashamba ya mtama na mizabibu huanza. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 2012, tulipozunguka na madodoso ya karatasi yaliyochafuka kwa vumbi kabla hata ya saa nne asubuhi. Mara ya pili ilikuwa Agosti 2022, tulipopewa vishikwambi, ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu na sasa tunavitumia kutunzia matokeo ya mitihani. Kati ya sensa hizo mbili, Dodoma ilitoka kwenye manispaa ikawa jiji, na wakazi wake wakaongezeka kutoka 410,956 hadi 765,179. Takwimu hizo zilitangazwa na wengi wenu mnazifahamu. Ninachotaka kusimulia ni jinsi kutembea mlango kwa mlango, na jambo moja lililonipata baina ya safari hizo mbili, vilivyobadilisha namna ninavyoielewa habari hii ya watu kuwa wengi na ardhi kuchoka.

Kazi yangu ni kufundisha Jiografia katika shule ya sekondari. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya ubao nikieleza fikra za Thomas Malthus, yule Mwingereza aliyeandika mwaka 1798 kwamba idadi ya watu huongezeka kwa kuzidishwa ilhali chakula huongezeka kwa kujumlishwa, na baada yake nikieleza hoja ya Ester Boserup wa Denmark, aliyesema mwaka 1965 kwamba watu wakibanana hubuni njia bora za kulima. Wanafunzi waliyakariri yote mawili kwa Kiingereza na kuyaandika vizuri kwenye mtihani. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, nilikuwa upande wa Malthus bila kujiuliza sana. Niliamini kwamba mzigo wa mazingira ni idadi ya vichwa, na kwamba mwenye vichwa vingi nyumbani ndiye mwenye kosa.

Mwenye kosa huyo nilikuwa naye jirani. Mtaa mzima ulimwita Mama Nane, kwa sababu ya watoto wake, na yeye mwenyewe aliitikia jina hilo bila kinyongo. Mimi nina watoto wawili. Nilipokuwa nikipita mbele ya uwanja wake na kuona vikaptula na magauni yaliyoanikwa juu ya ua wa miti, nilitikisa kichwa kimoyomoyo. Hapa niseme mapema kwamba karani wa sensa hula kiapo cha kutunza siri za kaya anazozihesabu, na kiapo hicho bado kinanifunga. Kwa hiyo yote nitakayoeleza kuhusu majirani zangu ni mambo ambayo mpita njia yeyote angeyaona, au ambayo wao wenyewe waliniambia tukiwa tumekaa kivulini kama majirani.

Sensa ya pili nayo ilinisumbua. Nilitegemea kukuta watu wengi zaidi, na niliwakuta, kwani baada ya mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa dhati, watumishi walikuja na familia zao, wakafuatwa na mafundi, wafanyabiashara, mama lishe na vijana wa bodaboda. Kilichonishangaza ni kwamba milango ya kubisha iliongezeka kuliko watu wa kuhesabu. Pale nilipokuwa nimekuta uwanja mmoja wenye babu, wana wawili waliooa na wajukuu, sasa palikuwa na nyumba tatu na vyumba vinne vya kupanga, kila kimoja na kaya yake. Nchi nzima ilikuwa hivyo: kwa wastani kaya moja ilikuwa na karibu watu watano mwaka 2012, na mwaka 2022 wastani ukashuka hadi watu 4.3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uifanyie hesabu ya darasani. Watu mia moja wakikaa watano watano ni kaya ishirini. Watu hao hao mia moja wakikaa wanne wanne ni kaya ishirini na tano. Hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa, lakini yamewashwa majiko matano mapya, yamenunuliwa masimtanki matano, na vimechimbwa vyoo vitano.

Kwenye jiko nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kujiona. Kijijini kwa mama yangu, upande wa Chamwino, mapishi ni ya kuni, na kuni zenyewe kwa kawaida ni matawi makavu yaliyoanguka, yanayookotwa na kufungwa mzigo. Mtu wa mjini hapiki kwa kuni, kwa kuwa moshi unawaudhi majirani na sufuria zinaingia masizi, basi anapika kwa mkaa na kujiona amepiga hatua. Lakini mkaa unatoka kwenye mti mzima uliokatwa ukiwa hai, mgunga au mkambala ulioota kwa miaka mingi, na tanuru la kienyeji la kufukia kwa udongo hula kilo tano hadi kumi za miti ili litoe kilo moja ya mkaa. Hata ukizingatia kwamba mkaa una joto kali kuliko kuni, sufuria moja ya ugali wa mjini imemeza mti zaidi kuliko sufuria kama hiyo kijijini. Kwa hiyo mwanakijiji anapohamia mjini, kichwa kinabaki kile kile kimoja, na mzigo wake kwa pori unaongezeka.

Mtaniambia kwamba siku hizi kuna gesi, na serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni kweli, nami nina mtungi wangu. Ila kila Jumapili nilikuwa nachemsha maharage kwa mkaa, kwa saa tatu, kwa sababu kila mwanamke niliyemfahamu aliniambia kuwa maharage ya gesi hayana ladha na yanamaliza mtungi. Gunia la mkaa, tena la lumbesa, lilikaa nyuma ya nyumba yangu mwaka mzima. Mama Nane alinunua wake kwa kisado, akipima ule wa siku hiyo tu, na majivu yakipoa aliyapepeta kutafuta chenga zilizobaki.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma kwa miongo mingi imetoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi huko, na tukaelezwa jambo ambalo silisahau. Kina cha maji katika bonde hilo kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vinaonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazwi kila mwaka. Mvua zetu za kawaida, zisizozidi sana milimita 600 kwa mwaka na zinazokoma kabisa kwa miezi saba au zaidi, nyingi hurudi angani kabla hazijazama. Hazina ile hujazwa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa mwaka 1997 na 1998. Katikati ya misimu hiyo, mji unakula akiba. Tuliporudi nyumbani nilimkuta binti yangu ameacha mpira wa maji ukitiririka kwenye maua ya uani, maua niliyoyapanda mwenyewe ili nyumba ipendeze.

Nyumba hiyo ndiyo kisa chenyewe.

Nilianza kujenga mwaka 2017, wakati viwanja vilipokuwa vikipanda bei kila mwezi na kila mwenye mshahara akihofia kuachwa. Fundi aliniandikia mahitaji kwenye karatasi ya daftari: saruji, nondo, kokoto, mbao, bati, na mchanga tripu kumi na moja. Nilibishana naye kuhusu saruji kwa sababu ilikuwa ghali. Kuhusu mchanga sikubishana hata kidogo. Tipa lilikuja, likainua mgongo, likamwaga, likaondoka, na watoto wa mtaani wakapata mahali pa kuchezea. Mara moja tu nilimuuliza dereva alikoutoa, akanijibu, "Makorongoni huko, mwalimu, upande wa Chamwino," nami nikalipa.

Msomaji asiyetoka Ugogo huenda hajui mchanga wa korongo ni nini kwetu. Mito yetu mingi haina maji juu, ina mchanga. Mvua ikinyesha milimani, korongo hufurika kwa saa chache, kisha linakauka, lakini maji mengine yamezama katikati ya chembe za mchanga na yamekaa humo, yamefunikwa jua lisiyafikie. Kiangazi kizima watu hufukua mchanga huo na kupata maji. Nikiwa mtoto nilikwenda na mama alfajiri. Alipiga magoti, akafukua kwa mikono na kata ya kibuyu hadi mchanga ulipobadilika rangi, akaendelea hadi ukaanza kulowa, kisha akakaa kimya akisubiri. Maji hayo hayaharakishwi. Yalijikusanya polepole kama jasho, na yale ya kwanza, yenye tope, aliwamwagia mbuzi. Ndoo ikijaa alizungushia kisima matawi ya miiba ili ng'ombe wasikitumbukie. Mwezi wa Agosti kisima kilikuwa na kina cha kiuno cha mtu mzima. Novemba alizama hadi mabegani.

Mwaka 2019 nilikwenda kijijini wakati wa kiangazi baada ya kutofika kwa muda mrefu, na asubuhi nikachukua ndoo ili nimsaidie. Mama alicheka. Aliniambia siku hizi maji wananunua kwa dumu, yanaletwa kwa baiskeli kutoka kwenye bomba la kijiji cha jirani. Nilimsihi twende hata kuangalia. Tulipofika ukingoni nilidhani tumekosea njia. Korongo lilikuwa limeshuka chini zaidi ya kimo changu, kingo zimemeguka na mizizi ya mkuyu ilikuwa inaning'inia hewani. Mahali pa mchanga palikuwa na udongo mgumu uliopasukapasuka na alama za matairi. Mvua ikija, maji yanapita hapo kama kwenye sakafu, hayana mahali pa kujificha. Mama aliinua kidevu kuelekea Dodoma mjini, akasema, "Mchanga nao umehamia makao makuu."

Alisema kwa utani, kama tusemavyo kwa sauti ya chini mambo yanayouma. Sikumwambia habari za tripu kumi na moja. Siwezi kuapa kwamba mchanga wangu ulitoka hapo hapo, maana makorongo ni mengi, lakini upande ni ule, mwaka ni ule, na nilijua.

Tulipokuwa tumesimama, tipa lilifika, likafuata kilichobaki upande wa chini. Vijana sita waliruka na makoleo, na mmoja wao akaja mbio kunisalimia. "Shikamoo, shangazi." Alikuwa mtoto wa kaka yangu. Nikiwa na hasira ya mwalimu, nilimuuliza kama haoni anachimba kisima cha bibi yake. Aliniangalia kwa heshima, akasema, "Naona, shangazi. Lakini mvua ikikatika mtama hauzai, na mchanga hauhitaji mvua."

Usiku ule nililala bila usingizi nikipiga hesabu, na hapo Malthus alirudi, mara hii akiwa na sura ya mtu wa nyumbani. Babu yangu alilima eka kumi na mbili za uwele na mtama. Wanawe wanne waligawana, eka tatu kila mmoja. Baba wa kijana huyu, yaani kaka yangu, na ndugu zetu wengine waligawana tatu zile, na kijana mwenyewe amebakiwa na kipande ambacho ukikilima chote, katika mwaka mzuri, kinamlisha hadi mwezi wa tisa. Hakuna mbolea inayotosha na hakuna mwaka wa kuliacha shamba lipumzike, kwa sababu la pili la kulima halipo. Kwa hiyo sitaki mtu asome simulizi hii akadhani nasema idadi ya watu si kitu. Ni kitu kikubwa. Nchi hii ilikuwa na watu milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022; kwa kasi hiyo ya asilimia 3.2 kwa mwaka, tunakuwa maradufu kila baada ya miaka ishirini na miwili hivi, na ardhi ya babu yangu haijazaa eka nyingine. Nikiingia darasani naliona hilo kwa idadi ya wanafunzi wanaokaa dirishani.

Ila kijana yule asingeushika mchanga kama pasingekuwa na mnunuzi. Koleo lake lilishikwa na watu wawili: upande mmoja ugawaji wa shamba la babu, ulioletwa na wingi wetu, na upande mwingine nyumba yangu ya vyumba vinne, choo cha ndani na uzio wa tofali, ambayo watu wanne wanaishi humo. Kila upande peke yake ungebebeka. Pamoja, vimekausha kisima kilichodumu kwa vizazi ambavyo hakuna ajuaye ni vingapi. Vitabu tunavyofundishia huweka wingi wa watu sura ya tatu na matumizi ya rasilimali sura ya tano, na tangu siku ile najua kwamba kuvitenganisha ni kosa la mpangilio, kwa kuwa maishani vinazidishana, havisubiriani.

Niliporudi Dodoma nilimtazama Mama Nane kwa jicho lingine. Kaya yake ya watu kumi ilikaa katika vyumba viwili vya tofali za udongo, udongo uliochimbwa hapo hapo uwanjani, na shimo lake likawa la taka. Maji yao ya siku nzima yalikuwa madumu sita, na yale ya kuoshea vyombo yalimwagiwa mchicha. Mimi nilikuwa na simtanki la lita elfu tano, jokofu, gari linalokwenda sokoni Majengo kwa sababu ya nyanya za shilingi elfu mbili, na lile gunia la lumbesa. Darasani huwa nawaambia wanafunzi kwamba Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa kwa mwaka ilhali Mtanzania hafikishi hata nusu tani, na wao hunung'unika kwa haki, na mimi huridhika na manung'uniko yao. Sikuwahi kufikiri kwamba kwenye mtaa wetu, Marekani nilikuwa mimi.

Nimebadilisha nini? Si mengi. Nimeweka gata kwenye bati zangu ili nivune maji ya mvua, na msimu mzuri hunifikisha mwezi wa saba. Maharage nayapika kwa sufuria ya presha juu ya gesi. Ladha ni ile ile, mlidanganywa kama mimi. Yale maua nimeyaacha yakafa. Kijijini, kaka yangu amejiunga na wale wanaofuata kilimo cha kisiki hai, ambacho hakihitaji kupanda mti mpya: unatafuta kisiki ambacho mizizi yake bado ina uhai, unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unapogoa mengine na kuyafunga yaliyobaki kitambaa ili mwenye ng'ombe ajue. Migunga yake imenipita kimo. Inanikumbusha milima ya Kondoa, ambako mmomonyoko ulifikia hatua ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma kuanzishwa mwaka 1973 na mifugo kuondolewa kabisa mwaka 1979, na uoto ukarudi. Ingawa wenye ng'ombe waliohamishwa walikwenda kulishia penye watu wengine, na hilo husemwa mara chache. Korongo letu halijarudi. Mchanga hauchipui.

Mwaka jana binti mkubwa wa Mama Nane alikuja kwangu jioni, amevaa sare ya ofisi anakofanya kazi, huko upande wa mji wa serikali. Ana watoto wawili na ameamua wanatosha. Hayuko peke yake katika hilo: miaka ya mwanzo ya tisini, mwanamke wa Tanzania alikadiriwa kuzaa kwa wastani watoto zaidi ya sita, na utafiti wa mwaka 2022 ulipata 4.8. Nilimpongeza, nikiwa nafikiria mama yake na nguo zile juu ya ua. Alishukuru, kisha akatoa simu yake na kunionyesha ramani ya kiwanja alichokwisha kukilipia, akanionyesha na ramani ya nyumba: vyumba vinne, choo cha ndani, uzio.

"Nataka iwe kama yako, mwalimu," alisema. "Wewe ulitumia tripu ngapi za mchanga?"

Nilimwambia kumi na moja. Halafu nikamweleza habari za tofali za kufungamana, zinazotumia udongo na saruji kidogo na hazihitaji plasta, nikamweleza na habari za korongo, kwa kirefu, pamoja na mkuyu unaoning'inia. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kama alivyonisikiliza alipokuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Kisha akauliza kama bado nina namba ya yule dereva.

Nilikuwa nayo. Niliitafuta kwenye simu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naye akasubiri.